Kopo la 28,000 na parachichi la 500, nimemjaribishia madam wangu vyote

Madam wangu alikataa kijiko akiwa na miezi saba na wiki moja. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku hio nilikuwa nimekoroga uji wa lishe mzito mzuri kabisa, nimeupoza, nimejifunga kanga ya kuchafuliwa, nikapeleka kijiko mdomoni na yeye akakishika. Sio kwamba alikisukuma, alikishika. Tukaanza kuvutana mimi na mtu wa kilo nane kama makonda wawili wanaogombea abiria, mwisho uji ukaishia kwenye nyusi zangu, yeye akabaki na kijiko chake anagonga meza anacheka. Kesho yake hivo hivo. Keshokutwa akafunga mdomo kabisa, akikiona tu kijiko anageuza shingo anaangalia ukutani.

Mama mkwe alikuwa kwetu wiki hio, katoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kama kawaida yake (hawezi kuja mikono mitupu hata umwambie ndizi zipo), akakaa akaangalia ile vita siku ya tatu akasema, "Gwe mwanangu, huyu hataki kulishwa, huyu anataka kula." Nikamwambia mama sasa atakula nini na ana vijino viwili tu vya chini? Akanijibu fizi zinatosha, we mpe kidole chako aking'ate uone. Nikampa. Aisee.

Sasa mi badala ya kumsikiliza mama mkwe hapo hapo nikaingia kweny simu usiku, si mnajua wenyewe mambo ya simu ya saa sita usiku, nikakuta watoto wa watu wamekaa kwenye viti vyeupe wanakula kwa mikono yao, safi, hakuna hata tone, na pembeni kuna kopo, sahani ya silikoni na bibu la silikoni. Nikaoda vyote vitatu kwa duka moja la mtandaoni Dar, jina nalihifadhi. Kopo 28,000, sahani 32,000, bibu 15,000, parseli ya basi mpaka stendi hapa Mbeya 5,000. Jumla 80,000. Baba mtoto nilimtajia ya bibu tu.

Kwahiyo hii ni riviu ya hivo vitu vitatu na ya vile nilivokuja kununua sokoni baada ya hapo, nimevitumia kama wiki sita hivi, mwezi wa tatu na huu wa nne, mvua zote hizi zikinyesha. Mvua naitaja makusudi, mtaona mbele.

Kopo kwanza. Ndani kuna vile vitu vyepesi kama bisi ila vimetengenezwa umbo la nyota, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, wenzetu wanaviita pafu. Nje kuna picha ya ndizi na mtoto mzungu mwenye mashavu. Nikasoma maandishi ya nyuma, unga wa mchele, sukari, mafuta, ladha ya ndizi. Ladha, sio ndizi. Mimi ambaye nyuma ya mlango kuna mkungu mzima kutoka Tukuyu nimelipia ladha ya ndizi iliyopanda meli. Kopo zima ni gramu 42, piga hesabu mwenyewe, kila gramu ni zaidi ya shilingi 650.

Lakini nisiwe mwongo, siku ya kwanza zilifanya kazi. Nilijaribu moja mwenyewe kwanza, nikaiweka kwenye ulimi bila kutafuna nikahesabu, kufika nane imeshayeyuka yote. Hio ndo sifa yake kubwa, mtoto akiiweka mdomoni inaisha yenyewe hata kama hajui kutafuna. Shida ilikuwa mkono. Mtoto wa miezi saba anashika kwa kiganja chote, anakunja ngumi, sasa kitu kidogo kama kile kikiingia kwenye ngumi kimepotea, anaangalia mkono wake hakioni, analia. Kushika kwa kidole gumba na cha shahada kunakuja baadae, wengi ni kuanzia miezi minane tisa kwenda kumi, wa kwangu ameanza juzi juzi tu. Kwa hio kopo wameandika miezi sita lakini mtoto wa miezi sita atakula jasho lake. Anachotaka umri huo ni kitu kirefu kama kidole cha mtu mzima, kwamba kikiwa kweny ngumi kingine kinatokeza juu cha kung'ata. Hili sikulijua, mama mkwe alilijua, nikakaa kimya.

Alafu ikaja siku ya nne. Mbeya mwezi wa tatu hata chumvi inaloana ndani ya kopo, sasa hivi vinyota vilivyofunguliwa vikanyonya hewa vikalegea, badala ya kuyeyuka vikawa vinanata na kuvutika kama jojo. Mimi sikuangalia. Nikamwagia kama sita kwenye sahani nikageuka kuzima jiko, nageuka tena madam kasukumia vyote mdomoni kwa mpigo, uso mwekundu, macho yamejaa maji, ulimi nje, anakohoa anaguna kama anataka kutapika. Mama mkwe akaruka akataka kumtia kidole mdomoni avitoe, nikamshika mkono nikamwambia mama naomba usubiri kidogo, na hapo naongea hivo lakini mwenyewe magoti yananicheza. Akaguna mara mbili tatu tena, likatoka donge lote, akalitazama, akataka kulirudisha.

Kwanini nilimzuia mama. Kwa sababu siku ya kliniki ya miezi sita tulipoenda kwa matone ya vitamini A nesi alitukalisha akatufundisha hili, na ni kitu ambacho naona kina mama wengi tunachanganya. Mtoto anayekohoa, anayeguna, anayetoa sauti, huyo hewa inapita na mwili unafanya kazi yake, kile kitu cha kutaka kutapika kwa watoto kipo karibu mbele ya ulimi kuliko kwetu ndo maana wanaguna kila mara wakianza kula. Ukimtia kidole bila kuona kitu kiko wapi unaweza kukisukuma ndani zaidi. Wa kuogopa ni aliye KIMYA. Hakohoi, halii, hatoi sauti, midomo inabadilika rangi. Huyo unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini ya kifua, unampiga mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja, haijatoka unamgeuza unamkandamiza kifuani katikati kwa vidole viwili mara tano, unarudia, huku mwingine anakimbilia usafiri. Na mtoto anayekula haachwi peke yake hata dakika ya kuzima jiko. Hilo la jiko ni langu mimi, najua.

Kopo mi nalipa alama mbili kwa kumi. Mbili ni za zile siku tatu za mwanzo.

Sahani sasa. Ni ya silikoni nzuri tu, rangi ya udongo, ina vyumba vitatu na chini ina kile kinachonyonya, yani unaibandika mezani mtoto hawezi kuivua. Video inaonyesha baba mtu anavuta sahani mpaka meza inanyanyuka. Jamani, ile meza ni ya kioo. Meza yangu ya mninga ina ile nailoni ya maua kama meza za watu wengi, nikabandika sahani, ikashika kweli, nikafurahi nikaweka viazi, parachichi, yai. Madam akashika ukingo akavuta. Sahani haikung'oka, imeshikilia nailoni, kwahiyo vikaja vyote, nailoni, sahani, chupa ya chai, sukari, simu ya baba yake. Nikatoa nailoni nikabandika kwenye mbao yenyewe, haishiki, mbao ina vinyweleo inapitisha hewa. Nikabandika sakafuni, tuna sementi sio vigae, haishiki. Nikawaandikia wale wa duka, wakanijibu baada ya siku mbili "dear jaribu kulowesha kidogo". Nikalowesha. Sasa inateleza.

Mahali pekee iliposhika ni juu ya beseni la plastiki lililogeuzwa, lile kubwa la kufulia. Kwahiyo mtoto wangu amekula wiki mbili juu ya beseni lililopinduliwa, mbele ya sahani ya 32,000, na kusema ukweli urefu ulikuwa unamfaa vizuri akikaa kwenye mkeka mgongo kwenye kochi. Ila beseni ni la kufulia nalihitaji. Siku hizi chakula naweka moja kwa moja kwenye sinia nimelaza juu ya mkeka, vipande viwili vitatu tu kwa wakati, akimaliza naongeza. Nikiweka vingi anavifagia vyote na mkono. Kinachoanguka nje ya kanga kuku wa jirani wanajua saa yenyewe wanakuja mlangoni wanasimama kama wadeni. Sahani nne kwa kumi, ukiwa na vigae au meza ya kioo labda saba.

Bibu. Hapa ndo nimeshangaa maana ndio kitu nilichonunua kwa kuongezea tu. Lile la silikoni lenye mfuko chini kama mdomo wa mwari, linakamata karibu nusu ya kinachoanguka, mtoto anaingiza mkono mfukoni anakitoa anakula tena, unaliosha na sabuni ya vyombo unatundika msumarini dakika kumi limekauka. Kwa mtu wa Mbeya hii sio anasa. Kipindi cha mvua nguo za mtoto zinakaa kwenye kamba siku mbili tatu bado mbichi, unaanza kuzikausha kwa pasi ya mkaa moja moja, na mtoto anayejilisha mwenyewe anachafua nguo tatu kwa siku. Hesabu ni 15,000 dhidi ya mkaa na mgongo wangu. Kasoro yake moja ni mikono haijafunikwa, parachichi linapanda mpaka kwenye kiwiko, kwahiyo namkunja mikono au namvua kabisa nambakiza na fulana, ila kwa baridi yetu hio ni mchana tu. Bibu tisa.

Baada ya lile tukio la kopo mama mkwe hakusema kitu. Kesho yake asubuhi akaniambia twende sokoni. Tukapanda bajaji mpaka Soweto, kuna matope hapo msiseme, akaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja anayepanga parachichi kwenye kiroba chini, wakasalimiana Kinyakyusa robo saa nzima mimi nimesimama na mtoto mgongoni. Kisha wakaanza kuchagua. Yapo yale makubwa ya kienyeji ya kijani yanayobaki kijani hata yakiiva, yana maji na mengine nyuzi, na zipo hizi hass ndogo zenye ngozi ngumu ya vipele zinageuka rangi kama zambarau nyeusi zikiiva, ndo zile zinazolimwa Rungwe na Njombe kwa ajili ya kupeleka nje. Kwa mtoto chukua hass, nyama yake ni nzito kama siagi na haina nyuzi. 500 moja, siku nyingine mbili kwa 800 ukifika jioni. Unabonyeza karibu na kikonyo sio tumboni, pakibonyea kidogo lipo tayari, ukibonyeza tumboni umelichubua na bibi atakuangalia vibaya.

Tatizo la parachichi linateleza kama sabuni, mtoto anashika linachoropoka anakasirika. Hapa kuna ufundi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mama mkwe, kata kipande kirefu uache ngozi kwa chini nusu iwe kishikio, ngozi ioshwe kwanza. Wa pili niliuvumbua mwenyewe, kaanga unga wa ulezi kidogo bila mafuta mpaka unukie, kisha viringisha kipande cha parachichi kwenye huo unga, kinapata ukwaruzo hakitelezi tena na ulezi nao unaingia tumboni. Siku ya kwanza nilivompa hivo alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepuliza filimbi, akakaa kimya dakika nzima, mi nasikia tu fizi. Nusu aliweka sikioni. Parachichi nalipa alama kumi kwa kumi na bibi wa Soweto nae kumi.

Ndizi mbivu nayo ina siri ambayo watu wa Tukuyu hawawaambii. Ukimenya ndizi ukaichomeka kidole taratibu katikati ya ile ncha, inapasuka yenyewe kwa urefu vipande vitatu, sawasawa, kama imezaliwa hivo. Kila kipande ni saizi ya kiganja cha mtoto. Nilibaki mdomo wazi, miaka thelathini na moja nakula ndizi. Zile ndizi za kupika nachemsha na maganda, nikimenya zikiwa bado za moto zinakuwa imara kushika kuliko mbivu.

Viazi, hapa ndo nyumbani kwa viazi lakini sio kila kiazi. Hivi mviringo vya Uporoto vingine ni vya unga sana ukivichemsha vinabomoka kwenye ngumi kabla havijafika mdomoni, tafuta vile vinavyokaa pamoja, muuzaji ukimwambia vya kuchemsha sio vya chipsi anakuelewa. Viazi vitamu ni bora zaidi, hasa viazi lishe vile vya rangi ya chungwa kwa ndani vyenye vitamini A, navichoma na ganda lake kwenye jivu la moto mpaka vinalia, namenya nakata. Kipimo changu cha kila kitu ni kidole gumba na cha pili, nikibonyeza kipande kikasagika bila nguvu anapewa, kikigoma kinarudi jikoni. Karoti, boga, maharage mabichi ya maganda, vyote kipimo ni hicho. Maboga mwezi huu ni ya kumwaga.

Magimbi niliharibu. Nilikuwa na haraka nikayatoa hayajaiva vizuri kati, gimbi lisipoiva linawasha hata mtu mzima, madam akalamba mara moja akakunja uso akajikuna midomo akanitazama kama nimemsaliti, na kweli. Magimbi yachemshwe mpaka yalegee kabisa, la sivyo yaacheni.

Mpaka hapa unaona mambo ni mazuri na mtoto anashiba, na hapa ndo dada yangu wa Iringa akanishtua. Yeye anafanya kazi za lishe vijijini huko, nilimtumia video madam akitafuna kiazi nikitegemea atasema mashallah, akanipigia akaniuliza, "Mdogo wangu, nyama iko wapi?" Akaniambia mikoa yetu hii ndo ghala la taifa lakini ule utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati taifa zima ni asilimia 30. Chakula kipo, tatizo mojawapo ni sahani ina kitu kimoja, wanga juu ya wanga. Na mtoto akifika miezi sita akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inakaribia kuisha, maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuifidia, ndo maana anaanza kula. Ukimpa kiazi, ndizi na parachichi tu siku nzima, kashiba lakini damu haipati kitu. Nikaangalia sinia langu nikaona kweli, limejaa rangi lakini ni vitu laini vitamu tu.

Kwahiyo nikaanza na maini. Robo kilo ya maini ya ng'ombe inatosha siku nyingi, nachemsha yaive kabisa, nakata virefu vyembamba, namfyonzesha. Hatafuni sana, anafyonza anakwaruza na vile vijino, basi. Nampa mara moja kwa wiki tu, dada aliniambia maini yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto kula kila siku. Siku nyingine naweka dagaa wa Ziwa Nyasa wale wanaotoka Kyela, lakini dagaa mkavu mzima mtoto hapewi, ana miiba na ni mgumu, mi nachambua vichwa, naosha, nakaanga bila mafuta, natwanga kwenye kinu mpaka unga, nachekecha, kisha nachanganya na kiazi kilichopondwa nafinyanga vidonge virefu kama soseji ndogo. Hivi ndo vimekuwa chakula chake namba moja, ila harufu inabaki kwenye vidole vyake mpaka usiku. Yai nakaanga chapati yake nyembamba iive vizuri nakata mikanda. Maharage ya njano yaliyoiva nayaminya moja moja yawe bapa, zile wiki za mwanzo hayakushikika lakini sasa ameanza kudonoa na vidole viwili yeye na maharage ni kama kuku na mtama. Pembeni nyanya iliyomenywa au chungwa limetolewa ngozi na mbegu, vitamini C yake inasaidia mwili kufyonza chuma kilichopo kwenye maharage.

Karanga msiziogope ila sio nzima. Siagi ya karanga napaka nyembamba sana juu ya kiazi, na hizo karanga nilichambua mwenyewe moja moja nikatupa zilizonyauka na zenye ukungu kwa ajili ya sumukuvu, siagi ya kupimiwa kwenye ndoo kwa mtoto mimi hapana. Karanga nzima, bisi, zabibu nzima, soseji ya kukata duara, karoti mbichi na epo bichi la kukata vipande, hivyo vyote haviingii kwenye sinia. Chumvi na sukari siweki. Jirani yangu alituletea asali nzuri kabisa ya Chunya apakwe mdomoni, nikamshukuru nikaiweka kabatini mpaka mwakani, asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja bado haliviwezi. Alinuna siku mbili, kisha akaja kuomba chumvi tukaendelea.

Na ugali! Sijui kwanini nilichelewa kuuona ugali. Yani tumekaa tunaoda sahani na pafu wakati sisi ndo watu wa kula kwa mkono, tangu lini mtoto wa Kitanzania akafundishwa kushika chakula na kopo? Jumapili moja tunakula ugali na mlenda, madam kakaa kwa babu yake, akanyoosha mkono akachukua tonge lililokuwa linaelekea mdomoni mwa mzee. Mzee akaliachia. Akalibonyeza, likaingia alama za vidole vyake vinne, akalichovya kwenye mlenda sijui nani kamuonyesha, akala. Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa akasema, "Mama, huyu amefika." Siku hizi tonge lake namfinyia dogo la mviringo refu, laini, sio lile gumu la kwetu, na mboga inachotwa kabla ya chumvi.

Uji sijaacha, wale mnaouliza. Nesi alisema hata kama anajilisha usiache uji mzito na nyonyo mpaka miaka miwili, maana mwanzoni kinachofika tumboni ni kidogo kuliko kinachofika ukutani. Ila uji sasa tuna mkataba, yeye anashika kijiko chake mimi nashika changu. Chake kikiwa kinapiga meza changu kinaingia. Uzito alikuwa kasimama kidogo ule mwezi wa vita, kipimo cha mwisho mstari kweny kadi umepanda tena, tunarudi mwezi ujao akifikisha tisa kwa chanjo ya surua.

Kwa mwenye bajeti, wiki moja ya vitu vya sinia mi natumia kama 9,000 hivi, parachichi nne, viazi lishe fungu moja, mayai sita, maini robo, dagaa kidogo, maharage yapo ndani, ndizi ni za mama mkwe kwahiyo sihesabu ingawa yeye anahesabu. Zile 80,000 ningepewa nirudie ningenunua bibu mawili, moja likiwa msumarini jingine likiwa shingoni, na zinazobaki ningempelekea bibi wa Soweto. Wale wa duka nilipowauliza kama naweza kurudisha sahani wakasema silikoni ikishatumika hairudi, sawa, ipo juu ya kabati, mwenye nyumba ya vigae aje inboksi tuelewane.

Kopo silitupi. Mfuniko wake unabana vizuri, nimewekea vibanio vya nguo, na leo jua limetoka vyote viko kwenye kamba.